Aliyerudi na Makovu

Swali lilitoka kwa kijana mmoja wa darasa la kipaimara, Jumamosi ya Kwaresima, tulipokuwa tumefika kwenye habari za Ijumaa Kuu. "Samahani, Mwalimu," alisema. "Kama Yesu alijua kabisa kwamba siku ya tatu atafufuka, kufa kwake kulikuwa na uzito gani? Si ni kama kwenye gemu? Unakufa, unaanza upya." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, wala mimi sikucheka, maana swali hilo limewasumbua watu wenye elimu kubwa kuliko yangu. Kifo ambacho anayekufa anajua kwamba atatoka ndani yake, je, ni kifo kweli? Na kama si kifo kweli, sisi tunaozika watu wetu tunafarijiwa na nini?

Siku ile nilimjibu kwa kifupi kwa sababu kipindi kilikuwa kinaisha. Jibu refu ni hili, nalo linapita njia aliyoifungua mwenyewe. Mimi ni mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja hapa Moshi. Wanaonijua kwa kitabu cha nyimbo cha Mwimbieni Bwana hawatarajii kwamba nyumbani nasikiliza zaidi muziki wa aina mbili: muziki wa gemu za zamani, na albamu za roki zilizotoka baada ya watu kudhani bendi au mwimbaji amekwisha. Nazipenda zote mbili, na kwa muda mrefu sikujua kwa nini zinakaa pamoja moyoni mwangu. Swali la kijana lilinifumbua macho. Zote mbili zinahangaika na jambo lilelile, yaani kinachofuata baada ya mwisho, na si kila mara zinalijibu kwa namna moja.

Super Mario Bros. ilitoka Japani mwaka 1985. Gemu nzima, pamoja na picha na sauti zake, ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 40. Picha moja tu ya simu ya leo inaizidi mara nyingi. Koji Kondo, aliyeitungia muziki, hakuwa na nafasi ya kuandika kitu kirefu. Alihitaji wimbo mfupi, mtamu, unaofika mwisho wake na kushikana na mwanzo wake bila masikio kugundua mshono. Aliutunga kwa ustadi ambao mpaka leo unanifundisha kazi, na mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika hifadhi ya taifa ya rekodi za sauti, ukiwa muziki wa kwanza wa gemu kupata heshima hiyo.

Sasa sikiliza kinachotokea Mario anapokufa. Wimbo unakatika, kinapigwa kipande kifupi cha kuanguka, skrini inakuwa nyeusi, kisha wimbo unaanza tena kwenye noti ya kwanza, kwa mwendo uleule na furaha ileile. Maadui aliokwisha kuwakanyaga wamerudi kwenye njia zao. Uyoga umerudi ndani ya tofali lake. Kilichobadilika ni tarakimu moja tu inayoonyesha maisha yaliyobaki. Muziki huo hauna habari kwamba kuna mtu amekufa.

Hapo kijana wetu ana haki kabisa. Kama kufufuka ni kuanza tena kwenye noti ya kwanza, basi Ijumaa Kuu ni tarakimu iliyopungua, na machozi ya wanawake pale msalabani yalikuwa ya bure. Imani ya namna hiyo mimi sina, na sidhani kuna mtu aliyewahi kumzika mzazi wake akaweza kuwa nayo.

Lakini watunzi wa gemu wenyewe waliliona tatizo hili. Mwaka 1997 ilitoka Final Fantasy VII kwa ajili ya PlayStation, muziki ukiwa wa Nobuo Uematsu. Niliicheza kwenye mashine ya kaka yangu, sebuleni usiku, sauti nikiwa nimeipunguza ili Mama asiamke. Katika gemu hiyo mwenzako akianguka vitani unamwinua kwa unyoya wa finiksi, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka kwenye majivu yake. Unyoya huo unauzwa madukani, tena kwa bei ndogo. Kwa saa nyingi gemu inakuzoesha kwamba kifo kina dawa, na dawa yenyewe unaitembeza mfukoni.

Miongoni mwa wenzako yumo Aerith, msichana muuza maua. Maua yake anayalima katika kanisa bovu kwenye mitaa ya mafukara, mahali ambapo mbao za sakafu zimebomoka na udongo umepata mwanga. Ukiingia humo unasikia muziki mwororo, na ndani yake kuna tuni ambayo ni yake. Hujui bado kwamba ni yake. Unaona tu kwamba mahali hapa pana amani.

Kisha, diski ya kwanza kati ya tatu ikikaribia mwisho, unamkuta amepiga magoti katika mji wa kale uliohamwa, anasali. Adui, Sephiroth, anashuka kutoka juu na upanga unampita. Jiwe dogo la mviringo alilokuwa amelificha kwenye utepe wa nywele zake linadondoka, linadunda kwenye mawe, linatumbukia majini. Wakati huo ile tuni inaanza, kwa piano. Mara linatokea jitu la kupigana nalo. Kila vita katika gemu hii huja na muziki wa vita, wa kasi na wa kupandisha damu. Hapa Uematsu anaacha tuni ya Aerith iendelee. Unapigana, unabonyeza vibonye, unapokea pigo na kurudisha, na juu ya yote hayo piano inaendelea kumwomboleza mtu aliyelala nyuma yako. Mfukoni una manyoya ya finiksi, pengine tele, na hakuna hata mmoja utakaomwinua. Wachezaji wa nchi nyingi walitafuta kwa miaka njia ya siri ya kumrudisha. Haikuwepo.

Nikiwa mwanamuziki, kinachonigusa zaidi ni kwamba noti ni zilezile. Tuni niliyoisikia kanisani kati ya maua ndiyo ninayoisikia hapa. Agostino wa Hipo, askofu wa Afrika Kaskazini, katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo alieleza fumbo la wakati kwa mfano wa mtu anayeimba zaburi anayoijua. Kabla hajaanza, zaburi nzima iko katika matarajio yake. Kadiri anavyoimba, inahama kidogo kidogo kutoka kwenye matarajio kwenda kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo tunaposikia wimbo hatusikii noti iliyopo sasa peke yake. Tunaisikia pamoja na zote zilizoitangulia, maana zimebaki ndani yetu. Tuni ya Aerith ilitoka kanisani ikiwa amani, ikarudi msibani ikiwa amani ileile iliyopotea. Wimbo wa Mario hurudi kama vile hakuna kilichotokea. Wa Aerith hurudi umebeba yote yaliyotokea, na ndiyo maana unauma.

Hapa ndipo roki inapoingia. Tarehe 19 Februari 1980, Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC, alifariki London. Ndugu wawili wapiga gitaa, Malcolm na Angus Young, walifikiria kuachana na bendi. Wazazi wa marehemu wakawatia moyo waendelee. Wakampata Brian Johnson, wakaenda Nassau katika visiwa vya Bahamas kurekodi, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo ikatoka Back in Black, jalada lake likiwa jeusi kwa ajili ya maombolezo. Kabla gitaa halijasikika, inasikika kengele. Pigo moja, kimya, pigo jingine. Kengele hiyo ilitengenezewa Loughborough, Uingereza, na uzito wake unakaribia tani moja. Maneno ya wimbo unaofuata si ya kanisani, nami siyatetei. Nazungumzia kengele. Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro tunajua kengele ikilia polepole siku isiyo ya ibada maana yake nini. Mtu husimama shambani na jembe mkononi, akauliza ni nani. Bendi ile ingeweza kuanza na shangwe na kusema tumerudi. Ilianza kwa kutangaza msiba. Na Johnson hakujifanya Bon Scott. Aliimba kwa koo lake mwenyewe, na pengo likabaki likisikika.

Albamu ninazozipenda za aina hii zote zina tabia hiyo. Johnny Cash alipokuwa ameonekana mtu wa jana, mwaka 1994 alitoa American Recordings, sauti yake na gitaa tu bila bendi, nyimbo nyingine zikiwa zimerekodiwa sebuleni kwa mtayarishaji wake, Rick Rubin. Uzee haukufichwa, umri wake unausikia kwenye kila mstari. Alice in Chains walikaa miaka 14 bila albamu mpya ya studio, na katikati ya miaka hiyo, Aprili 2002, mwimbaji wao Layne Staley alifariki. Waliporudi mwaka 2009 na Black Gives Way to Blue, Jerry Cantrell aliweka mwishoni wimbo wa kumuaga marehemu, na Elton John akaupigia piano.

Ila iliyonifanya niandike haya ni ya mtoto wa pwani yetu. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi wa dini ya Zarathustra. Familia yake iliondoka visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964. Mei 1991, akiwa mgonjwa sana, alikuwa studio Montreux, Uswisi, akirekodi wimbo uitwao Mother Love. Brian May, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alikuwa akimwandikia maneno, na Freddie alikuwa akiimba ubeti baada ya ubeti kadiri ulivyoandikwa. Ubeti wa mwisho ulipobaki, akasema amechoka, atapumzika, atarudi kuumalizia. Hakurudi. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo.

Mwaka 1995 Queen walitoa Made in Heaven, na wimbo huo umo. Ukiusikiliza utafika mahali ambapo Freddie ananyamaza na sauti nyingine inaingia kuimba ubeti wa mwisho. Ni ya May. Hakujaribu kufanana na rafiki yake. Sauti yake ni nyepesi, ya mtu anayefanya kazi ambayo angependa isimwangukie yeye. Kisha inarudi sauti ya Freddie, akichezeana na umati wa Wembley wa mwaka 1986, halafu kipande cha rekodi yake ya ujanani, halafu kilio cha mtoto mchanga. Wapo wanaoona kwamba kile kilio kinasema kila kitu kimeanza upya. Mimi sikisikii hivyo. Mtoto yule analia baada ya sisi kujua sauti hiyo itaishia wapi. Ni mwanzo unaokuja ukiwa umeshajua mwisho wake.

Zipo pia albamu za kurejea ambazo hazinigusi. Watu wazima wanavaa tena nguo za ujana, wanapiga nyimbo zilezile kwa mtindo uleule, na mwenzao aliyekufa au waliyemfukuza hatajwi. Hapo tumerudi kwa Mario. Marejeo yanapolazimika kusahau ili yawezekane, yananipa burudani ya jioni moja tu.

Jambo hili lilitufika hata sisi kwaya. Mzee aliyekuwa akianzisha wimbo wetu wa Pasaka, nguzo ya sauti ya tatu, alifariki mwishoni mwa mwaka, na Pasaka ikawa inakaribia. Kikao cha kwaya kikagawanyika. Wengine walitaka wimbo ule usiimbwe tena. Wengine walitaka tupige sauti yake kwenye spika kutoka kwenye rekodi tuliyokuwa nayo. Wengine walikuwa wameshampata kijana anayeweza kumuiga hadi mtu akifumba macho asitofautishe. Nilikwenda kumwuliza mjane wake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, msimtafute mtu wa kuwa yeye. Uimbeni, ila isikike kwamba hayupo." Basi tukaushusha sauti, akauanzisha mama mmoja wa sauti ya pili, na pale mzee alipozoea kuvuta noti ndefu peke yake tukaingia kwaya nzima, sauti zote nne. Watu walilia na kuimba kwa wakati mmoja. Sijawahi kusikia usharika wetu ukiimba Pasaka kama siku ile.

Nikiwa na mambo haya kichwani niliisoma upya Injili ya Yohana, na nikaona kwamba mwandishi wake anafanya kazi kama mtunzi anayejua kurudisha tuni. Usiku wa kukamatwa kwa Yesu, Petro anasimama uani akiota moto wa makaa, na hapo ndipo anapomkana Bwana wake mara tatu. Sura tatu mbele, baada ya ufufuo, wanafunzi wanafika ufuoni na kukuta moto wa makaa umewashwa, samaki juu yake, na mkate. Yesu anamwuliza Petro kama anampenda, mara tatu. Moto ni uleule, tatu ni ileile. Angeweza kukutana naye mlimani au njiani bila moto, akamwambia yaliyopita yamepita. Alimrudisha mahali hasa palipomuuma, kwenye harufu ileile ya makaa, na hapo akampa kazi ya kuchunga kondoo. Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu, na Yohana ameona ni vema tujue kwamba alihuzunika. Msamaha ule haukuufuta usiku wa uani, uliuchukua ukaugeuza.

Na mwili wa Yesu wenyewe ulikuja na alama za misumari. Tomaso alitaka kuziona, na alionyeshwa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini aliyeweza kushinda kaburi hakuponya matundu ya mikono. Sasa naamini kwamba angekuja bila makovu, asingekuwa yule aliyesulubiwa. Angekuwa mwingine anayefanana naye, mchezo ulioanza tena. Makovu ndiyo yaliyowathibitishia wanafunzi kwamba aliyerudi ni yeye, na kwamba Ijumaa ilikuwa Ijumaa kweli.

Kuhusu kujua, Injili hiyohiyo ina jibu. Yesu alipofika Bethania alijua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini. Alikuwa ameshamwambia Martha kwamba ndugu yake atafufuka. Na bado alilia. Kujua mwisho hakukuyakausha machozi yake. Mtu anayejua kwamba tuni itarudi haachi kuumia inapokatika, kwa sababu kati ya kukatika na kurudi kuna mtu halisi aliyelala, na dada zake wamesimama pale.

Ayubu naye anasimama upande huu. Mwisho wa kitabu chake anarudishiwa mali mara mbili: kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Lakini watoto wanaozaliwa ni saba wa kiume na watatu wa kike, idadi ileile ya wale waliokufa, si mara mbili. Wako wafasiri waliosema kwamba ndiyo maana yake: kondoo aliyekufa hulipwa kwa kondoo mwingine, lakini mtoto halipwi kwa mtoto. Wale kumi wa kwanza hawakuhesabiwa kuwa wamepotea, kwa hiyo hawakuwekewa badala. Wanangojewa.

Mtu anaweza kunipinga akisema kwamba ibada yenyewe ni marudio. Kila Jumapili liturujia ileile, Sala ya Bwana ileile. Ni kweli, na jibu langu limo katika gemu nyingine. Mwaka 2005 ilitoka Civilization IV, ambamo mchezaji anaujenga ustaarabu kuanzia mwaka 4000 kabla ya Kristo. Muziki wa ukurasa wake wa kufungulia ni Baba Yetu wa Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na Februari 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Mamilioni ya watu wasiojua Kiswahili wameisikia sala hiyo kila walipoianzisha dunia mpya. Kwenye gemu dunia inakuwa mpya kweli: vita vya jana havipo, miji iliyoteketezwa haikuwahi kujengwa. Lakini kwaya yangu inapoimba sala hiyohiyo, hakuna anayekuja akiwa mpya. Yupo aliyeomba riziki wiki iliyopita na hakuipata. Yupo aliyeahidi kusamehe na hajaweza. Maneno yamerudi, watu wamesogea, na sala inazidi kuwa nzito kadiri inavyobebwa. Marudio ya namna hiyo yana kumbukumbu, na palipo na kumbukumbu tayari tumeshatoka kwa Mario.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kifo cha gemu ni chepesi kwa sababu dunia yake inasahau. Mungu ninayemwamini hasahau, na kwa hiyo mbele zake hakuna kifo chepesi, hata cha Mwanawe, hata cha mzee wa sauti ya tatu. Wafiwa tusiwaahidi kwamba mambo yatakuwa kama zamani. Hayatakuwa, nao wanalijua hilo kuliko sisi. Ninachoweza kuwaahidi, nikiwa nimeegemea Injili, ni kikubwa zaidi: kwamba watu wetu tutarudishiwa wenyewe, si mfano wao, wakiwa na yote yaliyowapata, na kwamba yale yaliyowaua ndiyo tutakayowatambulia, yakiwa hayana tena nguvu ya kuwachukua.